Minazi ya Kilifi na Malindi: Faida ya Leo na Shamba la Kesho

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, akiisha kuvuka maji ya Mtwapa, huingia katika nchi ambayo jicho halikosi mnazi. Upande wa kulia iko bahari, upande wa kushoto yako mashamba ya watu. Na pale Vipingo mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyooka, maili baada ya maili. Lakini hata penye mkonge, vichwa vya minazi huonekana kwa mbali vikiyumba kwa upepo wa kusi. Safari yote ni ya kilomita 120 hivi, na mtu aipitaye ndani ya motokaa hudhani ameona minazi ya namna moja tu.

Akishuka akatembea kwa miguu, ataona kwamba iko ya namna tatu. Iko minazi yenye nazi tele, tangu vidaka na madafu hadi koroma na nazi zilizokomaa. Iko mingine ambayo haina nazi hata moja, na mahali pa nazi vimening'inizwa vibuyu. Kisha iko minazi mirefu mno, myembamba shingoni, iliyobakiwa na makuti machache na nazi za kuhesabu. Hiyo ilipandwa na watu ambao wajukuu wao leo ni wazee. Wa kwanza ni mnazi wa nazi na mafuta. Wa pili ni mnazi wa tembo. Wa tatu unangoja msumeno. Mkulima wa Kilifi huishi akichagua kati ya hizo tatu, na kila achaguapo kitu kimoja hupoteza kingine.

Kabla ya kufika kwenye daraja la Kilifi, ambalo lilifunguliwa mwaka 1991 na kuondoa taabu ya kungoja kivuko, iko njia panda mahali paitwapo Mavueni. Njia ya kushoto hupanda vilima kwenda Kaloleni na Mariakani. Huko mvua hupatikana kuliko katika nchi kavu ya Ganze, na minazi imesongamana mpaka nyumba hazionekani mpaka mtu azifikie. Hii ni nchi ya Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, na upande wa kusini wake iko Rabai, ambako Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alijenga makao yake mwaka 1846 pamoja na mwenzake Rebmann. Krapf aliandika kwamba wenyeji wa vilima hivyo waliuhesabu ukataji wa mnazi kuwa sawa na kumwua mama, kwa sababu mnazi huwapa watu uhai na chakula kama mama ampavyo mwanawe.

Neno hilo halikuwa la mapambo. Katika mnazi hakuna kitu kitupwacho. Nazi hutoa tui la mchuzi, machicha hulishwa kuku, makumbi hutoa usumba wa kamba, vifuu huwa upawa na kuni, makuti huezekea nyumba, na njiti zake hufanywa mafagio. Mtu mwenye minazi alikuwa na akiba isiyohitaji benki. Mnamo miaka ya 1960 mtaalamu mmoja wa mambo ya jamii, David Parkin, alikaa na Wagiriama wa nchi hii, na katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1972 alieleza jinsi minazi ilivyokuwa ikiuzwa na kuwekwa rehani mbele ya wazee mashahidi. Mnazi uliweza kuuzwa bila ya ardhi uliomo. Mtu mwenye shida ya mahari au ya mazishi aliweka minazi yake rehani. Mwenye bidii na fedha aliipokea. Hivyo katika muda wa maisha ya mtu mmoja baadhi ya majirani walipata minazi mingi, na wengine wakabaki na kivuli chake tu.

Sasa yafaa kueleza kazi ya mti wenyewe, kwa maana hapo ndipo ulipo mzizi wa habari hii. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, na huzaa vizuri hadi miaka 60 au zaidi. Ukiwa na afya hutoa kuti moja na karara moja kila mwezi. Karara likiachwa hufumbuka, likatoa maua, na maua yakawa nazi. Na tangu ua hadi nazi kukomaa hupita miezi 12 hivi. Lakini karara likigemwa, halizai nazi.

Mgema hupanda alfajiri kwa vidato vilivyochongwa mtini, kotama kiunoni na kibuyu begani. Hulifunga karara lisifumbuke, hukata ncha yake ubapa mwembamba, na utomvu hudondoka ndani ya kibuyu. Hurudi baadaye mchana na jioni kukata tena, kwa kuwa jeraha lisipokatwa upya hukauka. Tembo la asubuhi ni tamu. Likilala huwa kali. Likikaa siku kadhaa huwa siki. Kwa sababu hiyo haliwezi kungoja soko, na soko huja lenyewe kila siku. Posa haizungumzwi bila ya tembo, wala matanga hayaishi bila yake, na wazee hulimimina chini kuwakumbuka koma. Serikali za zama mbalimbali zimelikemea, mara likiruhusiwa kwa leseni, mara likikatazwa. Lakini vibuyu havijashuka minazini.

Basi mkulima hupima. Tembo humpa fedha leo jioni. Nazi humpa fedha baada ya miezi. Mafuta yangempa fedha iliyo nzuri zaidi, kama angekuwa na mtambo na mnunuzi, lakini vitu hivyo viwili wengi hawanavyo. Katika nyumba nyingi za Kaloleni na Chonyi mazungumzo ya namna hii hayana ugeni:

“Babu, karo haingoji nazi ikomae. Tumpe mgema minazi yote kumi.”

“Mpe minne, mjukuu wangu. Sita tuiache izae. Ukigema yote, mwakani utapata wapi mbegu ya kupanda?”

“Na karo ya muhula huu?”

Hapo mzee hunyamaza, kwa maana wote wawili wamesema kweli.

Tazama sasa safari ya nazi ile isiyogemwa. Mchuuzi huja kijijini, huzihesabu nazi moja moja na kulipa bei aliyokuja nayo. Nazi hupakiwa katika lori zikaenda Mombasa na Nairobi, nyingi zikaishia jikoni, nyingine zikaanikwa zikawa mbata. Ili kupata tani moja ya mbata zinahitajiwa nazi zipatazo 5,000 au 6,000, na katika mbata iliyokauka sawasawa zaidi ya nusu ya uzito wake ni mafuta. Kumbe mali kubwa imo ndani ya mafuta, na mafuta hukamuliwa mbali na shamba. Mkulima auzaye nazi kwa hesabu hauzi mafuta, wala usumba, wala vifuu. Huuza duara tu, na kila anayefuata katika safari hiyo hufungua duara akatoa faida yake.

Hata hivyo mchuuzi asilaumiwe peke yake, kwa maana bei yake nayo imebanwa na kitu kingine kipitacho baharini. Katika bandari ya Kilindini hutia nanga meli zenye matangi ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na mawese hayo ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya chupa za mafuta ya kupikia katika maduka ya Kenya, hata katika maduka ya Kilifi yaliyoezekwa kwa makuti. Sababu yake ni hesabu. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa vizuri hutoa tani 3 au 4 za mafuta kwa mwaka. Hekta ya minazi ya kawaida haifikishi tani moja. Mchikichi hautaki kukaa Kilifi, kwani hupenda mvua nyingi isiyokatika, na pwani hii hukauka tangu Januari hadi Machi. Lakini mafuta yake hufika, na huja kwa bei ambayo mnazi hauwezi kushindana nayo.

Bei hiyo ina gharama ambayo haikuandikwa juu ya chupa. Katika visiwa vya Sumatra na Borneo misitu mikubwa imefyekwa ili kupanda michikichi. Karibu zaidi na nyumbani, katika kisiwa cha Bugala nchini Uganda, michikichi iliyopandwa tangu miaka ya 2000 imewapa wakulima kipato, na papo hapo sehemu ya msitu wa kisiwa imetoweka. Mwaka 2004 wakulima wakubwa, wenye viwanda, wafanyabiashara na watunza mazingira waliunda jumuiya iitwayo kwa kifupi RSPO, ili kutoa cheti kwa mawese yaliyolimwa bila ya kuharibu misitu na bila ya kuwaonea watu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria ya kukataa mawese, kahawa, kakao na mazao mengine kadhaa yatokayo katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Nia ni njema. Lakini cheti huhitaji wakaguzi, ramani na karatasi, na mkulima mdogo huuliza ni nani atakayelipia.

Nchi inayotegemea mafuta ya mbali hubeba hatari nyingine pia. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilizuia mawese yasitoke nchini mwake, na zuio hilo halikuondolewa mpaka tarehe 23 Mei. Mwaka huo bei ya mafuta ya kupikia ilipanda katika Afrika Mashariki, na mama wa nyumba wa Kilifi alilipa zaidi kwa mafuta ya ng'ambo, hali minazi imesimama nyuma ya nyumba yake.

Tukivuka daraja na kushika njia ya kaskazini, tukipita Tezo, Roka na Matsangoni, upande wa kushoto hutokea msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Ndio msitu wa pwani uliobaki mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki. Mbele yake iko Gede, penye magofu ya mji wa kale, na kisha Malindi yenyewe. Wareno walipofika Malindi mwaka 1498 pamoja na Vasco da Gama, waliandika habari za nyumba nyeupe zenye madirisha mengi, na nyuma ya mji walitaja mashamba ya minazi. Mti huu, basi, si mgeni hapa.

Lakini Malindi imewahi kuona pia faida isiyokuwa na mizizi. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba makubwa yalifunguliwa nyuma ya mji, yakapandwa mtama na ufuta, na mazao yakasafirishwa kwa majahazi. Ufuta ni mbegu ya mafuta, kama mbata. Bei yake ilikuwa nzuri, mabwana wakatajirika, na Malindi ikasifiwa kuwa ghala la pwani. Walioulima ni watumwa. Mwaka 1907 utumwa ulipoondolewa kisheria katika pwani hii, mashamba mengi yalirudi kuwa kichaka, kwa kuwa faida yake haikuwa na nguzo nyingine ila jasho la mtu asiyelipwa.

Karne moja baadaye jambo jingine lilitokea. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeagiza kwamba hadi kufika mwaka 2020 sehemu ya kumi ya nguvu za vyombo vya usafiri itoke katika vitu kama mafuta ya mimea. Wakati huo watu wa Dakatcha, kaskazini magharibi ya Malindi, walisikia kwamba kampuni ya kigeni inataka hekta 50,000 za kupanda mbono-kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya mitambo. Ilisemwa kwamba kazi zitapatikana, na nchi ile kavu ina haja kubwa ya kazi. Lakini wenyeji wengi walihofia mashamba yao, makaburi ya wazee wao na malisho. Watunza ndege nao walisema kwamba iko aina moja ya mnana, aitwaye na wataalamu Ploceus golandi, asiyejulikana popote duniani ila katika Arabuko-Sokoke na Dakatcha. Baada ya mabishano ya miaka kadhaa mpango ule haukuendelea. Mafuta yaliyosifiwa Ulaya kuwa safi yangeondoa msitu wa watu wasio na motokaa.

Mambo hayo mawili yanafundisha kitu kimoja. Zao la mafuta hudumu pale tu ambapo mtu anayelitunza hupata sehemu ya faida inayotosha kumfanya alipande tena. Na hapo ndipo minazi ya Kilifi inapotiliwa shaka, kwa maana ile namna ya tatu, minazi mizee, inaongezeka kuliko michanga.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaita watu kudai ardhi ya pwani kuwa mali yao binafsi. Wamijikenda wengi hawakupata hati, wakabaki maskwota katika ardhi ya wengine au ya Serikali. Skwota huruhusiwa kulima mahindi na muhogo, lakini mwenye ardhi hapendi apande mnazi, kwa kuwa mti wa kudumu ni kama dai la umiliki lililosimama wima. Ni nani atakayengoja mnazi miaka 7 katika shamba ambalo anaweza kuondolewa mwakani?

Sababu ya pili ni bei. Mnazi mzee hautoi nazi za kutosha, na fundi wa mbao yuko tayari kuununua leo. Fedha yake huja mara moja tu. Tena kisiki na magogo yakiachwa kuoza, humo huzaliana chonga, mdudu mwenye pembe ambaye hutoboa kilele cha minazi iliyobaki. Hivyo anayekata bila ya kusafisha hujiletea hasara yeye na jirani yake.

Kilifi imekwisha kuona mfano wa jambo hili katika korosho. Mwaka 1975 kiwanda cha korosho kilianzishwa mjini Kilifi, na wakulima wakawa na mahali pa kupeleka mazao yao. Katika miaka ya 1990 kiwanda kilifungwa. Soko lilipolegea wakulima wengi waliikata mikorosho wakachoma makaa. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Mti usiolipa hauwezi kujitetea mbele ya shoka.

Hata hivyo, njiani msafiri huona pia mambo ya kutia moyo. Pale Gede tangu mwaka 1993 uko mradi uitwao Kipepeo, ambao kwao wakulima waishio kando ya Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza mabuu yaliyojifunga kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Msitu ukikatwa, kipepeo hakuna. Basi faida ya mkulima imefungwa pamoja na uhai wa msitu. Mnazi nao waweza kufungwa hivyo. Viko vikundi, hasa vya wanawake, ambavyo hukuna nazi, hukamua tui, na kutoa mafuta meupe yanayouzwa kwa kupaka na kwa kupikia. Lita moja hutaka nazi zaidi ya kumi, lakini mafuta hayaozi upesi kama tembo, wala hayapigwi bei na mchuuzi asimamaye mlangoni na lori. Machicha hubaki kijijini, makumbi husokotwa kamba, na vifuu huchomwa makaa pasipo kukata mti wowote.

Hakuna haja ya kumwambia mkulima aache kugema. Tembo ni mali yake na ni mila yake, na mara nyingi ndilo lililomsomesha karani anayesoma gazeti hili. Lakini wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Mwenye minazi kumi aweke baadhi ya kugemwa na baadhi ya kuzaa, na aibadilishe ipate kupumzika. Achague nazi za mbegu katika mnazi uzaao sana, azilaze kitaluni zikiwa zimekomaa, na miche aipande mita 9 kwa 9, akilima muhogo na kunde katikati yake wakati wa kungoja. Akikata mzee mmoja, auondoe ukiwa mzima na mizizi yake, na apande miche miwili kabla ya masika. Wenye minazi michache wauze pamoja, wajue bei ya mjini kabla ya lori kufika. Na wenye mamlaka ya ardhi wakumbuke kwamba hati ya shamba hupanda minazi mingi kuliko hotuba.

Jua likishuka nyuma ya vilima vya Kaloleni, wagema huonekana tena minazini, kila mmoja na kotama yake. Chini yao, katika mashamba kadhaa, huonekana pia miche yenye makuti matatu au manne, iliyozungushiwa miiba mbuzi wasiile. Mzee aliyeipanda huenda asinywe dafu lake. Yeye mwenyewe amekunywa ya miti ambayo hakuipanda.